Kikapu cha Kwenda Idete

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Kilombero na mtu akaitika. Watu wa mtaa wetu wa Mlabani walipomwona anatokea njia ya Idete, kijijini kwake, na kikapu kichwani walinitazama kwa huruma, na wengine walinipa pole kabla hajafika mlangoni kwangu. Lakini leo nikitajiwa jina lake, Bibi Aurelia, mimi nasema asante, tena nasema kwa sauti, na anayetaka kushangaa na ashangae. Sababu ninayo, na ilianza na sungura.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, mpunga umeshavunwa. Donati, mume wangu, alikuwa seremala wa misheni hapo Ifakara. Sista Katarina, mzungu aliyekuwa akifuga sungura nyuma ya jiko la masista, alimpa Donati jike na dume kwa kumshukuru, maana alikuwa amemtengenezea vibanda vizuri. Mtaani kwetu sungura wa kufuga alikuwa kioja. Watu walimjua sungura wa porini anayenaswa kwa mtego, na yule mjanja wa kwenye ngano. Waliposikia kwamba kwangu, kwa Yosefina, kuna sungura wanaokaa ndani ya banda na kuletewa matembele mdomoni, walikuja kututazama na kutucheka mpaka wakachoka.

Sista alikuja mwenyewe kunielekeza. Alikaa kwenye kigoda changu, magoti yamempanda hadi kidevuni, akasema, "Yosefina, jike akizaa, dume likae mbali. Watoto wasitolewe kwa mama yao kabla ya wiki sita. Ukiweza kungoja nane, ngoja. Ukiwatoa mapema matumbo yao yanaharibika, wanakufa. Na usimwone mama yao hakai nao ukadhani amewasusa. Anawanyonyesha alfajiri, muda mfupi tu, basi."

Jike likazaa saba, vipofu, hawana unyoya, wamefunikwa na manyoya ambayo mama yao alijinyonyoa kifuani. Walipofumbua macho na kuanza kurukaruka, mwanangu Melkiori alishinda kwenye wavu wa banda akiwapigia kelele. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache, anatembea kwa kushika ukuta, na bado ananyonya. Nami nilikuwa na mimba nyingine, imeanza kusukuma nguo. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa haitulii.

Kwetu mtoto hanyonyi maziwa ya mimba. Mama akishika mimba, aliye mgongoni anaachishwa ziwa mara moja, maana wanasema maziwa yale yatambemenda: atakonda, ataharisha, miguu italegea. Na ili asahau ziwa upesi, anapelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Akishakwenda hukai ukamngoja wiki ijayo. Utamwona tena anang'oka meno.

Mimi mwenyewe nilipelekwa hivyo, kwa bibi yangu huko Mkula. Bibi alinipenda, simlaumu. Lakini niliporudishwa nyumbani nilimwamkia mama yangu mzazi kama ninavyomwamkia mke wa katekista, nikakaa kwenye ncha ya mkeka nikisubiri kuonyeshwa pa kulala. Mama aliingia jikoni akalia. Baadaye tulipendana, ila tulipendana kwa adabu, na mpaka anakufa sikuwahi kumwegemea. Sikutaka Melkiori anipe mimi shikamoo ya namna ile. Lakini nani amwambie mama mkwe hivyo? Donati mbele ya mama yake alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Basi siku moja mchwa wakala mguu wa banda la dume, banda likaanguka. Donati akalitia dume kwa jike, akasema ni kwa siku moja tu, mpaka apate ubao. Asubuhi yake, nikiwa napepeta mchele, nikasikia sauti kutoka barabarani, na kuku wakatawanyika.

"Hodi hapa!"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo tumbo mlitaka kulificha mpaka litembee lenyewe lije Idete?" Akashusha kikapu. Kilikuwa kikapu kipya cha ukindu, kipana, kitupu, isipokuwa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Sikuhitaji kuambiwa ndani yake mna nini. Ilikuwa shubiri ya kunipaka kwenye matiti. "Nimekuja kumchukua mume wangu. Yuko wapi mume wangu?"

Mume wake ndiye Melkiori. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, ni mke na mume, na hao wawili waliuchukulia utani wao kwa dhati. Melkiori aliuacha ukuta, akaenda hatua zake za kulewa mpaka magotini pa bibi yake, naye akamnyanyua juu huku anamwuliza kama huyu mwanamke mnene amekuwa akimpikia vizuri.

Kisha akapelekwa kuonyeshwa sungura. Na dume lile, ambalo nilikuwa sijaliona likifanya kazi yoyote tangu lije, likachagua saa hiyo hiyo kumpanda mwenzake, watoto wamezagaa chini.

"Mama yangu!" Bibi Aurelia akamziba Melkiori macho. "Donati! Donati, njoo uone! Hivi huyu bwana hana haya? Watoto hata kula hawajui, yeye keshapanda! Hawa watabemendwa wote. Watoeni."

"Mama," nikasema, "Sista alisema wasitolewe kabla ya wiki sita. Wana wiki tatu tu."

"Sista ana watoto wangapi?"

Donati akatazama vidole vyake. Mama akaingiza mkono bandani akawatoa watoto mmoja mmoja, akawatia kwenye tenga na nyasi kavu, akawakatia matembele mabichi na kuwawekea uji wa mchele kwenye kifuniko cha sufuria. Alifanya kwa upole, lazima niseme. Aliwafuta midomo kwa ncha ya kanga yake.

Kabla jua halijapinda akaja Bwanaheri, mwenye duka la pale karibu na soko, ambaye tulimwahidi sungura wawili kwa ajili ya wanawe. Alipita tu kutazama wamefikia wapi. Bibi Aurelia akamchagulia wawili wenye afya akamtilia kwenye kofia yake.

"Mama, si wadogo bado hawa?" Bwanaheri akauliza kwa adabu.

"Mume wangu naye mdogo," akajibiwa, "na keshokutwa analala Idete. Chukua, baba."

Hiyo keshokutwa nilikuwa sijaambiwa. Ndipo nikaijua, mbele ya mwenye duka. Niliingia ndani, nikavifua vinguo vya mwanangu vyote, hata vilivyokuwa safi, kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

Kesho yake sungura hawakuruka. Walijikunyata pembeni mwa tenga, matumbo yamevimba na kukazana, wakaanza kuharisha. Bibi Aurelia akawamwagia matembele, akawapa maji kwa kidole. Kulipopambazuka tena mmoja alikuwa amekauka. Na kabla hatujamzika, huyo Bwanaheri anakuja na karai, amelifunika kwa gazeti.

"Mama shikamoo. Mmoja tumemzika chini ya mpapai, wanangu wamelia mpaka nimefunga duka. Huyu nimemrudisha kwa mama yake. Dukani kwangu nina kila kitu, lakini maziwa ya sungura sina."

Aliyasema kwa mzaha ili kututuliza, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Nilitegemea mama mkwe amjibu. Badala yake alikaa kwenye kigoda na yule sungura mgonjwa mapajani, anamwangalia tumbo. Nilikuwa sijapata kumwona Bibi Aurelia akinyamaza kwa muda mrefu hivyo, nikaogopa kuliko anapopiga kelele.

Mwishowe akauliza, "Huyo sista alisemaje tena?"

Nikamweleza yote upya. Akasimama, akachukua nyasi chafu kutoka pembe alipolala jike, akawasugua nazo wale watano waliobaki, kama anavyofanya na mbuzi wake kitoto kikikataliwa, ili wanuke mama yao. Dume akalihamisha mwenyewe kwenye boksi la Donati la vifaa, misumari akaimwaga chini. Kisha akawarudisha watoto bandani. Jike likawanusa, likageuka, likaenda kukaa pembeni. Mchana kutwa halikuwasogelea.

"Amewasusa," akasema.

"Hanyonyeshi mchana, mama. Mpaka alfajiri."

Alfajiri nilipotoka kuwasha moto nilimkuta amekaa mbele ya banda, kanga kichwani, ananiashiria kwa mkono nisikanyage kwa nguvu. Jike lilikuwa limesimama juu ya watoto, nao wamelala chali chini yake wananyonya, miguu juu. Haikuchukua muda. Likaruka pembeni likaanza kula majani, nao wakabaki wanajilamba.

"Hebu tazama," mama akanong'ona, na mnong'ono wake ukamwamsha Donati ndani. Siku ile akatangaza, "Siondoki mpaka niwaone hawa wamepona. Watakapoondoka wao, na mimi na mume wangu tutaondoka. Shubiri tutapaka siku ya safari, mtoto asilie mara mbili." Akakichomeka kile kifurushi juu ya ukuta, chini ya makuti, mahali ambapo nilikiona kila nilipoinua macho.

Hivyo ndivyo nilivyopata kuwachukia viumbe niliowalea kwa mikono yangu. Walipona wote watano. Walinenepa. Nilikuwa nikiwatazama wanavyonenepa na moyo unanishuka, maana kila mnofu uliowaingia ulikuwa unampeleka mwanangu Idete. Sijawahi kumwomba Mungu amdumaze mnyama, ila majira yale niliomba, na kisha nikaenda kuungama, na padri nikamsikia kama anazuia kicheko.

Wakati huo huo tumbo la jike likaanza kujaa. Donati alikuwa ameonyeshwa na Sista jinsi ya kulipapasa. Akasema humo ndani mna vitu kama kunde. Mama mkwe naye akapapasa. Akapapasa tena.

"Ana mimba kweli," akasema. "Na bado anawanyonyesha."

"Ndiyo mama."

Tangu hapo akawa halali tena baada ya jogoo la kwanza. Kila alfajiri alikuwa mbele ya banda. Jike likishamaliza kunyonyesha, anawatoa watoto mmoja mmoja, anawapima uzito kiganjani, anawageuza kuangalia kama wameharisha, anawaminya miguu kama imelegea. Alikuwa anasubiri mabaya. Nilimwona anayasubiri, siku baada ya siku, nayo hayaji. Watoto wale walikuwa wakimpiga mateke ya kumchubua mkono.

Asubuhi moja nilimletea uji akiwa pale. Alipokea kikombe asinywe.

"Mama Melkiori," akasema, "kabla ya Donati nilikuwa na mwingine. Donati anajua jina tu. Wendelin."

Nikakaa chini. Sikuwa nimelisikia jina hilo.

"Alikuwa hivi," akapima kwa mkono kutoka ardhini, na kimo chenyewe kilikuwa cha Melkiori. "Nikashika mimba ya huyu Donati. Wanawake wa ukweni wakaja, wakamwachisha siku hiyo hiyo. Wakampeleka kwa bibi yake, wakamshindilia uji na mchicha. Tumbo likavimba. Akaharisha. Alikaa huko siku chache tu. Wakaja kuniambia, umemuua mwenyewe, ulimnyonyesha mimba kabla hatujajua, maziwa yako yamembemenda." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo mara pekee niliyoisikia ikiwa ndogo. "Miaka yote hii mimi ndiye niliyemuua. Hata nikimwona Donati anacheka nilikuwa nasema, huyu anacheka kwenye nafasi ya mwenzake, kwa uroho wangu."

"Mama, si kweli."

"Ngoja. Huyu mwenzangu," akalielekeza kidole jike lililokuwa linatafuna bila habari, "ana mimba. Maziwa yake wameyanyonya, tazama walivyo. Waliokufa ni wale niliowatoa mimi. Tumbo lile lile, Yosefina. Nilipomwona yule aliyeletwa kwenye karai, nilimwona Wendelin."

Akalia. Nami nikafanya kitu ambacho mkamwana hafanyi kwa mama mkwe, nikamshika bega, nikamvuta kwangu, akaniegemea. Uji ulimwagika. Alilia kwa sauti yake yote, mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna msiba, na mimi nikawafukuza kwa mkono, nikawaambia warudi walale. Nikasema lililokuwa kweli, kwamba hakuwa amemuua. Akanifanya nilirudie mara kadhaa.

Baada ya hapo hakulitaja tena, wala hakusema lolote juu ya safari. Nami sikuthubutu kuuliza. Mtu anaweza kulia alfajiri na bado jioni akakwambia funga mizigo. Kifurushi kilikuwa bado juu ya ukuta.

Sungura walifika wiki ya saba, wakaingia ya nane. Jike mwenyewe akaanza kuwasukuma wakija kunyonya. Akawa anaruka juu ya ubao, mahali wasipoweza kumfikia, anawaacha wale majani kama wakubwa. Hakuna aliyempaka shubiri. Kisha tukaona ameanza kujinyonyoa kifuani kuandaa kiota kingine, na Sista aliyepita kututembelea akasema wakati umefika, wanaweza kwenda popote.

Bwanaheri akaja kwa wawili wake, mara hii na kikapu chenye mfuniko. Mama mkwe akampa maelekezo marefu kuliko ya Sista: matembele yanyauke kwanza juani, wasibadilishiwe chakula ghafla, wawe wawili wasipate upweke. Bwanaheri akaitikia "naam mama, naam mama" mpaka mwisho, na wale sungura, nisije nikasahau kusema, waliishi kwake na kuzaana hata akakosa pa kuwaweka.

Kwa hiyo wakaondoka. Usiku huo mama alisema tu, "Kesho naondoka." Nikapanga vinguo vya Melkiori kwenye kikapu cha ukindu: mashati mawili, kofia aliyoshonewa na shangazi yake, kikombe cha bati anachopenda kugonga, na kanga yangu moja kuukuu, ambayo niliitia katikati ili mwanangu aninuse huko aendako. Sikumlaumu mtu. Nilisema moyoni kwamba bibi huyu atamlea vizuri kuliko bibi yeyote wa bonde hili, na kwamba nitakwenda Idete kila Donati akipata nafasi ya baiskeli. Niliyasema hayo na sikupata usingizi.

Asubuhi Donati akaegemeza baiskeli mlangoni. Mama akatoka amejifunga kanga mbili, tayari kwa njia. Akaona kikapu. Akachuchumaa mbele yake.

Akatoa shati la kwanza, akanipa. La pili, akanipa. Kofia akamvika Melkiori mwenyewe, akaiweka sawa masikioni. Kikombe cha bati akampa mkononi. Kanga yangu aliinusa kidogo, akanirudishia. Mimi nimesimama mikono imejaa nguo, sielewi. Akaenda bandani, akatoa wawili katika wale watoto watatu waliobaki, jike na dume, akawatia ndani ya kikapu, akawafunika na nyasi.

"Mama," nikasema, "na mume wako?"

"Mume wangu bado ananyonya," akasema. "Nimpeleke wapi mtu anayenyonya? Wiki zake hazijatimia. Zikitimia ataliacha ziwa mwenyewe, na ukikaribia kujifungua utaniita, nitakuja mimi hapa." Akanyoosha mkono juu ya ukuta, akachukua kile kifurushi cha jani la mgomba, lililokwisha kukauka, akakitupa kwenye moto wa jikoni. "Na wanawake wa mtaani wakiuliza, waambie Aurelia wa Idete amesema. Waje kwangu wabishane."

Nilitaka kumwangukia miguuni kumshukuru, lakini tumbo lilinizuia, nikabaki nimesimama nalia juu ya mashati. Donati aliacha kutazama vidole vya miguu yake. Alimtazama mama yake usoni, kisha akamwinamia, akambeba kama bibi harusi na kumpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, naye anamtukana kwa kumwaibisha mbele ya watu.

Wakaenda. Mtoto mmoja wa sungura alibaki bandani, wa Melkiori. Nilikaa kizingitini, mwanangu mapajani na kofia yake, nawatazama wanavyopungua kwenye njia ya Idete, kikapu kimepakatwa. Walipofika kwenye kona, karibu wasionekane tena, yule mwanamke akageuza kichwa na kuipaza ile sauti yake ya kuvukia mto:

"Mama Melkiori! Mnyonyeshe mume wangu!"

Mtaa mzima wa Mlabani ulisikia. Wanawake waliokuwa wanateka maji waligeuka wakanitazama mimi, na tumbo langu, na mtoto wangu. Nami nikalegeza kanga mbele yao wote, nikampa Melkiori ziwa. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo najua hakunisikia nilipomjibu. Nikasema, asante mama. Ndiyo maana mpaka leo ninairudia.